Muziki Uchukuliwe Kuwa Umepigwa

Ilikuwepo, na nasikia bado ipo, nchi moja ambayo jina lake halitajwi ovyo. Si kwamba jina ni baya. Serikali yake ilipitisha sheria kwamba jina hilo litamkwe mtu akiwa amesimama wima na amefunga vifungo vyote, na mimi magoti yananisumbua. Kwa hiyo nitaiita Nchi tu. Anayeona nimeikosea heshima asimame kwa niaba yangu.

Ndani ya Nchi kulikuwa na mkoa ulioitwa Mkoa wa Nyuma. Uliitwa hivyo kwa sababu ramani ya taifa ilitundikwa ofisini kwa Waziri Mkuu nyuma ya kabati la mafaili, na kabati likauziba mkoa wetu. Tuliishi vizuri huko nyuma ya kabati. Hakuna aliyetuona, nasi hatukumwona mtu.

Tulikuwa na desturi moja. Mtu akifiwa, watu hujaa, na hilo najua ni kila mahali. Majamvi yanatandikwa, masufuria yanaazimwa, watu wanalia, wanacheka, wanagombania mahali pa kulala. Halafu arobaini inapita. Majamvi yanakunjwa, masufuria yanarudi kwa wenyewe, na watu wanarudi kwenye shida zao. Siku inayofuata ndiyo mbaya. Mfiwa anapika chai ya watu wawili kwa mazoea, anatazama kikombe cha pili, anakimwaga.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa yetu. Alasiri tulikuwa tunaingia watu wanne na vyombo vyetu: fidla mbili, udi wa nyuzi na ngoma ndogo ya dumbaki. Hatukualikwa, maana aliyefiwa hana nguvu za kualika. Hatukupewa chakula. Hatukutoa pole, kwani pole alishapewa za kujaza magunia. Tulikaa sebuleni, tukaacha kiti kimoja kitupu cha aliyeondoka, tukapiga. Tukimaliza tuliondoka bila kuaga, na mwenye nyumba hakutakiwa kushukuru. Akishukuru ilihesabiwa amekosea, ikabidi tuanze upya. Kuna mjane mmoja wa Mtaa wa Juu alituweka mpaka magharibi kwa kushukuru makusudi.

Muziki wenyewe haukuwa na maneno. Fidla ya kwanza inauliza, fidla ya pili inajibu, udi unawasikiliza wote wawili, na dumbaki inawaambia msichelewe. Kila mtu alijifunza sehemu yake tu. Ya mwenzako huigusi, kama vile huvai ndara za mwenzako zilizo nje ya msikiti, hata kama zinakuenea.

Dumbaki ilikuwa ya Bi Mwatima, mwuza vitumbua. Udi ulikuwa wa Bwana Shomvi, fundi cherehani. Fidla ya kuuliza ilikuwa ya mume wangu, Ngwali. Ya kujibu ilikuwa yangu mimi, Siwatu.

"Ngwali," nilimwambia siku moja tukitoka kwenye nyumba ya mfiwa, "miaka yote hii unaniuliza nini?"

"Wewe jibu tu."

"Nitajibuje nisilolijua?"

"Mbona unajibu vizuri?"

Ndivyo alivyokuwa. Mtu wa maneno machache, na hayo machache ya kuudhi.

*

Siku moja wakaja watu wa Wizara ya Faraja. Kabati lilikuwa limesogezwa ili fundi apake rangi, mtu akauona mkoa wetu, akapiga ukelele. Walikuja na magari meupe, wakatusikiliza tukipiga nyumbani kwa mfiwa, na mmoja wao, Bwana Lufunga wa Itifaki, akalia kwa kitambaa kilichopigwa pasi.

"Mnajua hiki mnachofanya ni nini?" akatuuliza.

"Tunapiga muziki, baba," akasema Bi Mwatima.

"Hapana, mama. Huu ni urithi."

Tulifurahi sana. Bi Mwatima alikwenda kununua khanga mpya. Hatukujua kwamba kitu kikishakuwa urithi hakiguswi. Haukupita muda ikatoka Sheria ya Kuilinda Faraja, ikisema kwamba muziki wa sebuleni wa Mkoa wa Nyuma ni mali ya taifa, na kwa hiyo ni marufuku mtu yeyote kuupiga sebuleni, isipokuwa katika Tamasha la Mkoa la Muziki wa Sebuleni, litakalofanyika serikali itakapokuwa tayari kufarijiana na wananchi.

Mkuu wa Mkoa, Mheshimiwa Makungu, alikuja kutufafanulia. Alipanda juu ya meza ili tumwone, ingawa tulikuwa tunamwona.

"Ndugu wananchi! Muziki huu mdogo ni mkubwa. Na kwa kuwa ni mkubwa, serikali yenu haiwezi kuuacha uendelee kuwa mdogo. Faraja isiyoratibiwa ni majonzi tu yaliyochangamka! Mtu anafiwa leo, anafarijiwa kesho, nani amepanga? Nani amekagua?"

Tukapiga makofi. Kwetu mtu akipanda juu ya meza unapiga makofi, ili ashuke.

Baada ya hapo wakamchukua Bwana Shomvi. Walimpeleka makao makuu akawe Mshauri wa Taifa wa Udi, wakampa ofisi yenye zulia. Kutoka huko akatutumia salamu kwa mpita njia mmoja: hajambo, anakula vizuri, ila mshauri haruhusiwi kugusa udi, kwa sababu akiugusa atakuwa mpigaji, na wapigaji ni wa idara nyingine. Bi Mwatima aliwahi kufa kabla hawajampa cheo. Alikuwa na bahati hiyo siku zote, ya kuondoka mahali kabla hapajachacha.

Tukabaki Ngwali na mimi. Tukatundika fidla zetu ukutani, jina lake urithi. Jioni alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha kamba, kile kilicholegea upande wa kushoto kwa sababu ya kuegemea huko maisha yake yote, anazitazama.

"Zinavuta vumbi," nilimwambia.

"Vumbi nalo urithi," akasema.

*

Ngwali akafa.

Watu wakajaa. Majamvi, masufuria, yote. Arobaini ikapita, wakaenda. Siku iliyofuata nikapika chai, nikamwaga kikombe cha pili, nikafagia sebule. Nikapanga viti vinne na changu. Kiti cha kamba nikakiacha kitupu, nikafungua mlango.

Najua mnanicheka. Nani angekuja? Wanne wenyewe ndio sisi. Mmoja yuko kwenye zulia, wawili wako chini ya udongo, na wa nne ndiye aliyekuwa ameshika ufagio. Lakini nyumba nyingi za mkoa ule nilikuwa nimeziingia na fidla yangu bila kualikwa, na kichwa cha mfiwa si kichwa cha kukitegemea. Nilikaa na mlango wazi mpaka kuku wa jirani wakaingia, wakazunguka, wakatoka. Hawakushukuru. Nikaona wao angalau wanaijua desturi.

Nilitoa fidla ukutani nikapiga chinichini, nje ya sheria. Nikagundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Najua jibu tu. Napiga jibu, halafu pale anapouliza Ngwali panakuja kimya, halafu napiga jibu jingine. Nilijaribu kuukumbuka uulizaji wake, vidole vikakataa. Masikio yalikuwa yanauona kwa mbali kama mtu anayeondoka barabarani, lakini ukiita hageuki.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Shomvi. Udi ulikuwa unatusikiliza wote wawili! Kama kuna mtu duniani anayeweza kunipigia swali la Ngwali, hata kwa udi, hata mara moja, ni yule aliyekaa katikati yetu miaka yote. Nikaanza kuliombea dua Tamasha. Nadhani nilikuwa mtu pekee katika Nchi nzima aliyelitaka kwa dhati, na hapo nawahesabu hata wenye posho.

Dua ikasikika. Gari jeupe likasimama mlangoni, akashuka Bwana Lufunga.

"Bi Siwatu, hongera!"

"Kwa lipi, mwanangu?"

"Umeteuliwa kuwa Mfiwa wa Mfano wa Mkoa! Tamasha litafanyika hapa hapa sebuleni kwako. Kulikuwa na wajane wengi, lakini wewe una vigezo. Huna wa kukugombania, huna mdomo, na uko karibu na lami."

"Na Bwana Shomvi atakuja?"

"Mshauri wa Taifa? Atakuja na Kundi la Taifa la Muziki wa Sebuleni. Wapigaji wa kujaza mabasi mawili."

"Mabasi? Tulikuwa wanne."

"Tumeuendeleza," akasema kwa unyenyekevu. Halafu akatazama huku na huku. "Sebule yako inachukua watu wangapi?"

"Wapigaji wanne na mfiwa. Na kiti kitupu."

"Meza kuu peke yake haienei."

"Basi wasije wote."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Kumbe una utani! Huu ukuta wa barabarani una kazi gani?"

"Unazuia mvua, baba."

"Mvua si ya msimu huu."

Ukavunjwa siku ile ile. Kesho yake ukavunjwa na wa ubavuni, maana wa kwanza ulipoondoka wa pili ulionekana unakaa vibaya. Niliuliza nitajengewa lini, nikaambiwa kuta zangu sasa ziko kwenye mpango, na nisizirudishe nyuma kwa kuziulizia. Wakaacha ukuta wa jikoni, kwa sababu wageni wasingependa kuona moshi. Sebule yangu ikawa imeungana na barabara, na barabara inakwenda mpaka makao makuu. Mheshimiwa Makungu alipokuja kukagua alisema hajawahi kuona sebule kubwa kama ile katika Nchi nzima.

*

Siku ya Tamasha ikafika. Lori la viti lilikuja asubuhi, viti vya serikali, vyekundu, vyenye nembo mgongoni. Vilipangwa kuanzia lilipokuwa kabati langu la vyombo hadi ng'ambo ya lami. Magari ya abiria yakapelekwa njia nyingine.

Nilikuwa nimevaa khanga ile aliyoiacha Bi Mwatima, sijui kama aliivaa hata mara moja. Nikatafuta pa kukaa.

"Wewe huna kiti," akaninong'oneza Bwana Lufunga. "Usikasirike. Kiitifaki mwenye nyumba si mgeni, kwa hiyo hakaribishwi. Simama pale mlango wa jiko, ila uwe na huzuni ya wastani."

Nikasimama. Nikahakikisha kiti cha kamba kiko mahali pake, mbele, kitupu. Bwana Lufunga alikuwa amekiona pia.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha marehemu."

"Amethibitisha kuhudhuria?"

"Bado, mwanangu."

"Basi hatuwezi kuacha kiti cha mbele kikae bure. Naibu Katibu hana pa kukaa." Akamwita Naibu Katibu, bwana mmoja mrefu mwenye kofia, akamkalisha.

Na kile kiti, kwa kulegea kwake, kikamwegemeza kushoto. Kutoka pale jikoni nilimwona kwa nyuma tu, bega limeshuka, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesubiri kuinua fidla. Nikasahau kuwa na huzuni ya wastani. Nilitamani asigeuke. Nilitamani hotuba ziwe ndefu, na katika Nchi ile hilo ni ombi ambalo halijawahi kukataliwa.

Akageuka, akaomba maji.

Mabasi mawili yakafika. Yakaegeshwa nyuma kabisa, zaidi ya viti vya mwisho, kwa kuwa mahali pa wapigaji palikuwa pamekaliwa na kamati ya kuwapokea wapigaji. Nikanyoosha shingo. Dirisha la basi la pili likafunguka, nikamwona Shomvi. Amenenepa, amefungwa tai. Akanipungia mkono. Nami nikampungia. Nikamwashiria kwa vidole: udi? Akainua mikono miwili juu, mitupu, kama mtu aliyekamatwa. Halafu akatazama nyuma yake, akainama, akainuka na udi wa mtu mwingine. Akauonyesha dirishani, akaufumbata kifuani. Nikaelewa. Atapiga! Pawe na cheo au pasiwe na cheo, atapiga.

Moyo wangu ulidunda hadi nikaogopa utavuruga itifaki.

Hotuba zikaanza. Akazungumza mwenyekiti wa kamati, akamkaribisha mwenyekiti wa kamati ndogo, akamkaribisha mwakilishi wa wafadhili wa maji ya kunywa, ambaye alieleza historia ya maji. Likasomwa shairi la kuusifu ukuta uliojitolea. Mheshimiwa Makungu akasimama, meza ikaletwa, akapanda.

"Wapo wanaouliza, muziki huu unaisaidia nini jamii? Nawajibu! Kabla ya Tamasha, mama huyu alikuwa na majonzi yake peke yake, ndani ya kuta, amejifungia kama mchoyo. Leo majonzi yake ni ya sisi sote! Mama, uko wapi? Hebu jionyeshe! Mmemwona? Amefurahi!"

Nikajionyesha. Nilikuwa nalitazama basi.

Jua likaanza kushuka. Dereva mmoja akapiga honi. Bwana Lufunga akapanda mezani akamnong'oneza Mheshimiwa sikioni, Mheshimiwa akatazama saa yake, akakunja uso kizalendo.

"Waheshimiwa, muda si rafiki. Kundi la Taifa linasubiriwa mkoa wa jirani kwa faraja nyingine. Natoa hoja kwamba muziki uchukuliwe kuwa umepigwa."

"Naafiki!" akasema Naibu Katibu kutoka kwenye kiti cha Ngwali.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyoooo!"

"Wasioafiki?"

Nilifungua mdomo. Makofi yakaanza. Yalikuwa makofi mazuri, marefu, ya watu wenye njaa. Wengine walisimama. Mama mmoja wa safu ya mbele alifuta machozi, akamwambia jirani yake kwamba fidla zimemgusa sana. Mheshimiwa akaja akanishika mkono.

"Umefarijika, mama?"

"Nichukuliwe kuwa nimefarijika, baba."

"Safi sana!"

Basi la kwanza likaondoka, la pili likafuata. Shomvi alikuwa amesimama ndani, ameukumbatia ule udi, akigonga kioo cha nyuma kwa kiganja. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Labda alikuwa anaimba lile swali. Labda alikuwa ananiaga tu. Kioo kilikuwa kinene, serikali haikubania kwenye vioo.

*

Wakabaki viti vyekundu, na Koplo Mtitu.

Koplo huyu alikuwa mtu mzima anayekaribia kustaafu, mwenye tumbo na viatu vilivyotembezwa sana, ametolewa mkoa wa mbali kuja kuvilinda viti mpaka lori lirudi. Lori lilikuwa limekwenda kuchukua viti vingine. Alikaa kwenye kiti cha mwisho kabisa, ng'ambo ya lami, mimi nimekaa huku kwangu, na katikati yetu viti vitupu vyote vile. Sijawahi kuona vitupu vingi kiasi hicho mahali pamoja. Kwa desturi yetu kimoja kilikuwa kinatosha.

Upepo ulikuwa unaingia ndani ya nyumba bila hodi. Nikatoa fidla.

Koplo akainuka. Akaja polepole akipita kati ya viti, akivihesabu kwa mazoea.

"Bi mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo ni fidla?"

"Ni urithi."

"Sasa, mama yangu, usinitie matatani. Amri niliyopewa ni kuzuia mtu yeyote asipige muziki huu sebuleni."

"Hapa ni sebuleni?"

"Si ndivyo wanavyosema?"

"Sebule ina kuta, mwanangu. Wewe unaona kuta?"

Akatazama kulia, akaona barabara. Akatazama kushoto, akaona mbuzi. Akavua kofia akajikuna. Naona walimfundisha sheria vizuri, maana alifikiri mpaka mwisho.

"Hapa ni nje," akakubali.

"Basi."

Akavuta kiti chekundu, akaketi. Cha kamba hakukigusa, sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakikuwa cha kulindwa.

Nikapiga jibu la kwanza. Nikanyamaza. Nikapiga jibu la pili. Nikanyamaza. Koplo alisubiri, mikono magotini, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

"Samahani, bi mkubwa. Mbona unakatiza katiza? Imeharibika?"

"Nzima. Hapo ninaponyamaza ni zamu ya mume wangu."

Akakitazama kiti cha kamba. "Anasema nini?"

"Anauliza."

"Anauliza nini?"

"Hajawahi kuniambia."

"Ah," akasema, "wanaume." Alilisema kama vile yeye ni kitu kingine.

Nikaanza upya, kwa sababu kuanza upya ndiyo desturi mtu akikosea, na sikujua nani kati yetu amekosea. Jua lilikuwa limeingia hadi ukuta wa jikoni. Mchana kutwa watu walikuwa wamesimama hapo wakizungumza juu yangu, na meza ilikuwa bado ina alama za viatu vya Mheshimiwa. Nikapiga jibu la kwanza. Nikashusha upinde, nikakiacha kimya cha Ngwali kije kikae mahali pake.

Na ndani ya kile kimya, Koplo akakohoa, akainama mbele, akaniuliza taratibu kama mtu anayeogopa kuvunja chombo:

"Lakini umekula, mama?"

Mkono wangu ukainuka wenyewe. Nikapiga jibu. Lote, hadi mwisho, na safari hii halikukosa kitu.

Hakushukuru. Nami sikushukuru. Nikaweka fidla kwenye kiti cha kamba, nikaenda jikoni kuinjika chai ya watu wawili. Huko bado kulikuwa na ukuta, nikasimama nyuma yake kitambo, maji yakichemka, mpaka uso ukanikauka.